Alisimama kila penye mlango wa nakshi

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Huenda umri wetu haupishani sana, lakini ndivyo ninavyokusalimu moyoni kila ninaposoma majibu yako, kwa hiyo ipokee.

Mimi ni mama wa miaka 63, muuguzi mstaafu, naishi Tabora. Mume wangu alifanya kazi stesheni yetu miaka 34. Anayeijua Tabora anajua kwamba hapa ndipo reli inapogawana, mkono mmoja unakwenda Kigoma, mwingine Mwanza, na treni zote za kutoka huko kwenda pwani lazima zipite kwetu. Yeye ndiye aliyekuwa akizipa ruhusa ya kuondoka. Akirudi nyumbani usiku husema, "Leo tena nimewasindikiza watu wa pwani, mimi nimerudi na taa yangu."

Mji aliouota haukuwa Dar. Ulikuwa Unguja. Bibi yake aliyemlea alikuwa akipenda ule msemo wa kale kwamba wapigapo zumari Unguja, hucheza walioko maziwani. Bibi mwenyewe hakuwahi kuiona bahari. Lakini wazee wake walikuwa wapagazi, waliobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Unyanyembe, huku kwetu, hadi Bagamoyo, na mmoja wao alivuka akafika Unguja, akarudi na habari za nyumba za mawe zilizobanana mpaka jua halifiki chini. Habari hizo zilikaa katika ukoo ule kama mali. Mume wangu alikua nazo, na alipokuja kunioa mwaka 1986 akaniahidi: "Tukipata nafasi, nitakupeleka."

Nafasi ilipatikana Agosti 2017, baada ya kustaafu. Katikati hapo palikuwa na ada za watoto wanne, ugonjwa wa mama yake, na bati za nyumba. Miaka 31, Shangazi. Tulipanda treni usiku, na hakulala. Kila stesheni alichungulia dirishani kuona nani yuko zamu.

Tulikaa Mji Mkongwe siku nne. Sijui nikueleze nini niache nini. Jioni ya kwanza Forodhani, vijana wanakimbia na kujirusha baharini kutoka ukutani, mmoja baada ya mwingine, na watu wanapiga makofi. Urojo ulionichoma ulimi. Ule ukali wa karafuu puani ukipita penye maduka ya viungo. Lakini kumbukumbu yangu tamu kuliko zote ni milango. Mume wangu alikuwa anasimama kila penye mlango wa nakshi. Anaweka kiganja juu ya misumari ya shaba, ananyamaza, kisha ananiuliza, "Unadhani fundi huyu alitumia siku ngapi?" Nikawa namwita Bwana Milango. Jina likamkaa hadi nyumbani, hata wajukuu walilitumia.

Mwaka 2019 aligundulika ana ugonjwa wa moyo, akaanza dawa. Desemba 2020 tuliona kwenye taarifa ya habari kwamba Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kale linalotazama Forodhani, sehemu yake imeporomoka. Tuliisimamia mbele pamoja, ilikuwa imefungwa, hatukuingia. Akaniangalia akasema, "Tuliwahi, mke wangu." Alifariki Juni 2022. Siku ya tatu ya msiba niliwasimulia watu habari za Bwana Milango, wakacheka na kulia.

Sasa shida yangu. Mwezi Machi nilikuwa natafuta karatasi za kiwanja nikakuta daftari lake dogo la matumizi. Kumbe aliandika safari yetu. Nakunakilia kama ilivyo:

"Jumatatu. Boti, watu 2. Chumba siku 4. Urojo bakuli 2, wake nimemmalizia. Juisi ya miwa 2."

"Jumanne. Darajani. Kanga doti 1, Japo sipati tamaa sikati. Amechagua saa nzima. Kahawa na kashata."

"Jumatano. Ngazi za nyumba ya wageni 38. Ya 20 kifua kikabana. Vichochoroni tena mara tatu. Nasimama, nasema naangalia mlango. Hajajua. Mlango wa kona, misumari 54, samaki chini, mnyororo pembeni. Kesho Forodhani tena."

Hapo nililifunga. Sijalifungua tena.

Nimefanya kazi wodini miaka 35. Nimewatambua wagonjwa wa moyo wakiwa bado wanaingia getini. Na mume wangu alisimama mbele yangu kifua kimembana, mimi nikamcheka na kumpa jina. Tangu siku ile safari yote imegeuka. Nikikumbuka mlango, simwoni akishangaa tena, namwona anatafuta pumzi. Najiuliza: je, nilifurahi peke yangu? Yeye aliyengoja miaka yote ile, Unguja yake ilikuwa ni maumivu tu?

Binti yetu wa pili amepata kazi Zanzibar mwaka huu. Ananiita niende nikakae naye mwezi mmoja. Nimemkatalia mara mbili, nikasingizia kuku na shamba. Hajui habari za daftari. Mara nyingine nataka kulichoma. Naomba unishauri, Shangazi. Niende? Nalo daftari nilifanyeje?

Muuguzi mstaafu, Tabora


JIBU

Marahaba dada yangu, na pole. Pole ya msiba, maana miaka mitatu si mingi, na pole ya huu msiba wa pili uliokukuta kwenye kabati.

Barua yako nimeisoma mara nyingi, na yale maandishi ya marehemu nimeyasoma mara nyingi zaidi. Naanza na hayo, kwa sababu naona wewe uliyasoma kama muuguzi anavyosoma faili la mgonjwa: ukaona "kifua kikabana", macho yakaganda hapo. Ni haki yako. Lakini hebu tusome mstari unaofuata.

"Misumari 54, samaki chini, mnyororo pembeni."

Dada, mtu anayetafuta pumzi tu huegemea ukuta. Hahesabu misumari ya shaba hadi hamsini na nne. Na huyo samaki ndiye aliyenifanya niweke miwani chini nikatulia. Milango ya Mji Mkongwe unaijua, umeiona. Macho ya mgeni hukimbilia shaba, au mfaa, ule ubao wa katikati, au maandishi ya kizingiti cha juu. Samaki huchongwa chini kabisa kwenye miimo, zile nguzo za pembeni, mahali ambapo mapambo yanaanzia, kisha yanapanda juu na mnyororo unauzunguka mlango mzima. Ili umwone inabidi uinamishe kichwa, uangalie kule miguuni ambako watu hawaangalii. Mumeo alimwona. Kwa hiyo alikuwa anapumzika, ndiyo, na alikuwa anatazama. Yote mawili yalikuwa kweli kwa wakati mmoja, katika mwili mmoja, mbele ya mlango mmoja. Aliposema "naangalia mlango" alikuficha jambo, lakini hakukudanganya.

Tena angeweza kusingizia kitu chochote. Kamba ya kiatu. Simu. Jua. Alichagua milango, na akaichagua mara tatu.

Halafu angalia anavyoifunga siku hiyo: "Kesho Forodhani tena." Mtu aliyechoshwa na mji huandika siku zilizobaki za kurudi kwao. Huyu alikuwa anapanga jioni ya kesho. Jumatatu amemalizia bakuli lako la urojo. Jumanne, katika daftari la matumizi, ambapo hakuna mtu anayetegemea kukuta habari za moyo, ameona ni muhimu kuandika kwamba ulichagua kanga saa nzima. Hiyo saa nzima aliisimama pale Darajani, kwenye ule msongamano, anakutazama. Haikuwa na bei. Aliiandika hivyo hivyo.

Na miaka mitatu baadaye, akiwa tayari anameza dawa za moyo, akaiona Beit al-Ajaib iko chini, akasema, "Tuliwahi, mke wangu." Alikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kusema, "Ule mji ulinitesa." Wewe mwenyewe umenipa jibu la swali lako ndani ya barua yako, dada. Hukufurahi peke yako.

Nikueleze jambo langu moja. Mimi mji wangu ulikuwa Cairo. Baba yangu alikuwa akifungulia matangazo ya Kiswahili kutoka Cairo, yale yaliyoanza mwaka 1954, na mimi mtoto nikilisikia tu lile jina nilijua kuna mahali pakubwa panatuita kwa lugha yetu. Nilifika mwaka 2009, na rafiki yangu mmoja. Jioni moja tulipanda feluka kwenye mto Nile, tanga limejaa, taa za mji zinaanza kuwaka pande zote mbili, na mwenye chombo akatupa chai kwenye glasi ndogo. Nilidhani sisi wawili tuna jioni ile ile. Miaka minne ikapita ndipo rafiki yangu akaniambia kwamba usiku ule mkobani mwake kulikuwa na barua ya kuachishwa kazi. Nilikasirika. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akanijibu, "Ningekwambia, ningebaki na barua na nisingekuwa na mto."

Namwona mumeo hapo. Angesema neno moja, wewe ungeacha kuwa mke aliye safarini, ungerudi kuwa muuguzi wa zamu. Ungemshika mkono kutafuta mapigo. Mngelala hospitali, na asubuhi boti ya kwanza. Nani angekulaumu? Ndivyo ilivyopaswa kuwa. Lakini yeye aliyekuwa amewapeperushia watu wengine bendera ya kijani miaka 34, safari hii akaamua kujipeperushia yake.

Sisemi alifanya sawa. Nataka hili nilitamke wazi, kwa sababu marehemu wetu huwa tunawasafisha mpaka wanakuwa si watu. Kuficha maumivu ya kifua kwa mkeo, tena mke muuguzi, ni kosa, na kosa lenyewe lingeweza kumwua palepale kwenye ngazi ya ishirini na ukamzika ugenini. Una haki ya kumkasirikia. Mkasirikie. Mwambie kwa sauti ukiwa peke yako jikoni, "Kwa nini hukuniambia?" Nadhani hasira hiyo umeikwepa, ukaona ni rahisi kujihukumu mwenyewe. Ndiyo maana kila ukifikiria mlango unajiona wewe ndiye mwenye hatia.

Kuhusu kutokuona: wale wagonjwa uliowatambua getini walikuwa wanakuja kwako ili waonwe. Huyu alikuwa anafanya kila njia usione, naye alikuwa anakujua kwa miaka 31, anajua unaangalia nini na unauliza nini. Aliuficha ugonjwa mahali pekee ambapo usingeutafuta, ndani ya furaha yake. Kama ungeona mapema mambo yangekuwaje, hilo hakuna anayeweza kukujibu, na nakuomba usilijibu usiku ukiwa umelala macho wazi. Ninachokiona mimi ni kwamba alipogundulika alikuwa na mtu wa kumsimamia dawa, na mtu huyo ni wewe.

Kuna jambo moja hapa la vitendo nisilitupe. Wale watoto wanne wakapime presha na moyo wao, hasa waliovuka miaka 35, na waambie kwa nini. Hilo peke yake linatosha kukuonyesha kwamba habari za daftari haziwezi kubaki juu ya kabati.

Usilichome. Ukilichoma utabaki na ule ukurasa wa Jumatano milele, kwa sababu huo umeshaingia kichwani, na moto hautaufikia. Wewe unayoyakosa ni mengine.

Na uende Unguja.

Najua unachoogopa. Unaogopa kwamba ule mji wenu wa 2017 haupo tena, na kweli haupo. Beit al-Ajaib uliyoiacha imesimama, ile aliyoijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, ikaponea mizinga ya manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, haikuiponea Krismasi ya 2020. Lakini kumbuka kwamba hata mji alioukuta mumeo haukuwa ule wa habari za bibi yake. Yule mzee wao mpagazi alipovuka, huenda hapakuwa hata na hiyo Beit al-Ajaib. Forodhani mliyokaa nyinyi ilikuwa imetengenezwa upya na kufunguliwa 2009. Aliuota mji mmoja akaukuta mwingine, na hakuonekana kuudai ule wa kwanza. Alisimama mbele ya ule uliokuwepo akaanza kuhesabu.

Kwa hiyo usiende kuutafuta ule wenu. Usilale nyumba ile ya wageni yenye ngazi 38, kaa kwa binti yako. Usianzie Forodhani, ipitie siku ya pili au ya tatu, utakapokuwa umeshazoea hewa. Wiki ya kwanza mwache binti akuonyeshe Unguja yake: sokoni anakonunua samaki, daladala anayopanda, jirani anayemwazima mwiko. Yeye naye ana mji hapo, na ameufungua mlango akikungoja. Kumkatalia kwa kisingizio cha kuku kunamwumiza, hata kama hasemi.

Safari yenyewe, nina ombi. Panda basi kutoka Tabora upitie Itigi na Manyoni hadi Dodoma, na hapo ushuke upande treni ya umeme hadi Dar. Ilianza kubeba abiria njia hiyo mwaka 2024, mumeo hakuiona. Kata tiketi mapema, omba kiti cha dirishani. Tazama stesheni zile mpya kwa niaba yake, tazama nani yuko zamu. Nina hakika angekuwa na mengi ya kusema, na wewe ndiye uliyeishi naye kiasi cha kujua angesema nini hasa. Yaseme. Abiria wa kando akikushangaa, msimulie.

Sasa lile daftari. Safari yenu ilikuwa ya siku nne, na umeninakilia siku tatu. Ya Alhamisi hujaisoma. Sijui kuna nini humo, na sitaki kukupaka mafuta: huenda kifua kilimbana tena. Huenda ni nauli ya boti na maji ya chupa basi. Wewe unaikumbuka Alhamisi yako, lakini yake iko kwenye ukurasa unaofuata, na kwa mwandiko wake mwenyewe. Ni maneno mapya kutoka kwa mumeo, dada yangu. Wajane wangapi wanayo?

Ila usiisome Tabora, na usiisome peke yako. Lifunge kwenye ile kanga ya Darajani, uende nalo. Siku moja asubuhi, kabla jua halijawa kali, mchukue binti yako mtoke polepole vichochoroni. Mwambie habari yote njiani, tangu ngazi ya ishirini. Mkipata baraza yenye kivuli, kaeni, mwagizeni muuza kahawa vikombe viwili na kashata, mfungue Alhamisi mbele yenu wote wawili. Mwache yeye asome kwa sauti. Sauti ya mtoto wake itakusaidia kuyapokea.

Kisha utafuteni ule mlango wa kona. Hakuandika mtaa, na kona za Mji Mkongwe ni nyingi, kwa hiyo itawachukua siku kadhaa, na mwezi mzima unao. Inameni kila mahali mkague samaki chini. Ukichoka, simama. Na mkiupata, hesabu misumari, uone kama alihesabu sawa.

Shangazi